Ule Mkono wa Munje

Mwanangu Umazi,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya jamaa wote wa nyumba hii, natangaza kwamba jogoo wa jirani yetu Bi Mwanasiti ameonekana leo asubuhi akitembea uani bila manyoya ya shingoni. Manyoya hayo yalikuwa mekundu yenye ncha za dhahabu, yaliishi kwa adabu, na yameacha shingo moja ikiwa uchi. Uchunguzi unaendelea. Bi Mwanasiti alisimama mlangoni kwake akatangaza kwa sauti iliyofika barabara ya lami: "Wallahi huyu si mwewe! Mwewe hachagui unyoya!" Mshukiwa, mwanamume wa makamo, mfupi, mwenye mkasi mdogo mfukoni, wakati huo alikuwa amejifungia chooni akikohoa.

Basi habari za mtaa ndizo hizo. Manyoya nimeshayafunga, nzi wako wa kuvulia wamo kwenye kibati cha biskuti, pembeni mwa begi. Nimewafunga wadogo, kwa sababu Mwalimu Bakari anasema samaki wa mito ya milimani wana midomo ya kibwanyenye, hawali tonge kubwa kama kolekole wetu. Ukikutana na Bi Mwanasiti kesho kabla hujaondoka, mpe shikamoo yake na uangalie chini.

Naandika hapa kibarazani, jua bado lipo lipo. Wewe umekwenda Msambweni kumuaga bibi yako. Mama yako yuko jikoni, anakaanga mahamri utadhani unasafiri na kikosi kizima. Maagizo yote ya sweta, ya chakula, ya kuficha simu kwenye basi, ya wavulana wa huko bara, nimemwachia yeye. Anayo mengi na anayapanga vizuri, na kila akimaliza moja anafuta macho kwa upindo wa leso. Mimi sina machozi. Nasema hivi mapema ili kesho stendi usije ukanitazama ukashangaa. Tangu jana nimekuwa nikijipapasa ndani, kama mtu anayeubonyeza mguu uliokufa ganzi kujua kama bado ni wake, na sijakuta kitu. Nimekula vizuri. Nimelala vizuri. Nimemvizia jogoo wa watu. Mtu mwenye huzuni hafanyi hivyo.

Lakini swali lako nalijua, na siwezi kukuacha uamke nalo.

Jana ulikuwa ukikunja nguo, mara ukaacha, ukakaa juu ya begi.

"Baba, mimi sijui kama nitakwenda."

"Kwa nini tena?"

"Mto wa kule una kasi. Nimeona video. Mgeni akiteleza, mimi ndiye wa kumtoa. Pale Munje nilikuwa na mkono wako. Kule nani atauinua?"

Mama yako akadakia kutoka jikoni, "Simu si zipo!" Ukacheka, lakini hukuondoka juu ya lile begi. Ukasema utaamua asubuhi ya safari, na kama ni kutokwenda utampigia Mwalimu Bakari wewe mwenyewe umwambie ile kambi ya wavuvi imtafute mwingine. Mimi nikasema nakwenda kuangalia mbuzi. Hatuna mbuzi.

Basi acha nikujibu, ila mimi siwezi kufika mahali bila kuzunguka, hilo mama yako atakuthibitishia.

Wewe kilabu chetu cha uvuvi ulikikuta tayari kina heshima zake. Mwanzo wake hukuuona, ulikuwa shule. Mimi nilikuwa nakata nyasi pale hotelini kama kawaida, nikawaona watu wamejipanga kwenye uwanja wa bustani, nyuma ya bwawa la kuogelea, kila mmoja ana fimbo ndefu nyembamba, wanarusha kamba ya rangi ya ndimu juu ya nyasi kavu. Wanairusha mbele, inarudi nyuma, wanairusha tena. Hakuna tone la maji. Nilidhani ni wagonjwa wameletwa kupunga hewa. Nilipokaribia nikamwona Mwalimu Bakari, mtu mzima, mstaafu, na kofia yake ya vito kichwani, yuko katikati yao.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Mnavua nini hapa?"

"Leo hatuvui. Leo tunajifunza kurusha."

"Na samaki je?"

"Samaki wako baharini. Hawana haraka."

Nikamwambia, "Mwalimu, kwetu Mackinnon Road ukimwona mtu anachunga ng'ombe baharini unamtafutia mganga. Ninyi mnavua kwenye nyasi na hakuna aliyewatafutia mtu."

Hakukasirika. Alinieleza kwamba kulikuwa na mgeni mmoja mzee, aliyekuwa akija Diani kila mwaka, ambaye alimfundisha yeye uvuvi huu wa nzi wa manyoya, na alipoona magoti hayamruhusu tena kusafiri akaziacha fimbo zake zote kwa sharti kwamba zisiwekwe ukutani kama pembe za swala. Akaninyooshea moja. "Njoo, utucheke ukiwa nayo mkononi."

Nikazima mashine ya nyasi. Hapo ndipo nilipoanza kujiaibisha rasmi.

Unajua mkono huu ulikua wapi. Kabla sijajua kusoma nilijua kupiga mjeledi. Ng'ombe wa baba yangu walikuwa hawapigwi. Unauchapa upepo juu ya mgongo wao, paa! na kundi zima linageuka. Kwa hiyo Mwalimu aliponiambia niipeleke kamba nyuma kisha niilete mbele, mkono ulikumbuka kazi yake ya zamani bila kuniuliza. Paa! Wageni waliokuwa wakiota jua waliinuka kwenye viti vyao. Nzi aliyekuwa mwisho wa kamba hakuonekana tena mpaka leo. Nikafungiwa wa pili. Paa! Wa tatu. Kevo, yule mhudumu wa mkahawa aliyetoka bara, ndiye aliyekuwa amewafunga nzi wale wote, kila mmoja kwa saa nzima ya mapumziko yake. Alikuja akasimama mbele yangu na trei mkononi.

"Mzae," akasema, "hizo nzi zimekukosea nini?"

Mwalimu ndiye aliyeniambia ugonjwa wangu. Mjeledi hulia kwa sababu mkono umekwisha kugeuka mbele wakati ncha bado inakwenda nyuma. Kwa ng'ombe, mlio ule ndio tunaoutaka. Kwa samaki, mlio ule maana yake nzi ameshakatika. "Ukisikia sauti," akasema, "ujue umewahi." Yaani mtu arushe nyuma, asimame, aiache kamba ijinyooshe yote huko asikokuona, ndipo ailete. Kusimama huko ni kufupi, lakini kwangu kulikuwa kama kuambiwa nisipepese macho kwenye vumbi. Nilikuwa mtu wa umri wangu, mwenye mke na mtoto, na sijawahi katika maisha yangu kusubiri kitu nisichokiona.

Usiogope, sikuhubirii. Nakueleza tu kwamba katika wiki zile niliinasa kofia ya Mwalimu Bakari kichwani kwake, ndoana ikaingia kwenye vile vitundu vyake vya darizi, nikaivuta ikapaa, ikatua kwenye bwawa la kuogelea mbele ya Wajerumani. Huyo ndiye samaki wangu wa kwanza. Mwalimu alibaki na kichwa wazi, akasema, "Bado unawahi."

Kufunga nzi nako nilikuwa na vioja vyangu. Unakumbuka ile jiriwa ndogo niliyoibana kwenye meza ya kulia. Unaibanisha ndoana pale, unazungusha uzi, unaweka unyoya, unazungusha tena, unamaliza kichwa kwa tone la rangi ya kucha ili uzi usifumuke. Mimi niliwafunga wakubwa, wanene, wenye rangi zote za kanga ya harusi, maana nilifikiri samaki naye anapenda kualikwa. Kevo alimweka mmoja kwenye kiganja akamgeuza huku na huku. "Mzae, hii ni nzi ama ni kuku?" Na rangi ya kucha ilikuwa ya mama yako, ile nyekundu ya Idi, aliyokuwa ameificha nyuma ya sahani za wageni. Alipoikuta imekwisha aliniuliza kwa upole, na unajua upole wa mama yako. Nilimjibu kwamba wako samaki huko Munje wanaokwenda harusini. Chakula cha usiku sikupewa.

Halafu ukaja wewe. Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, unakaa nyumbani unasubiri matokeo, mama yako akakutuma uniletee chakula. Ukaishika fimbo yangu huku mimi nanawa mikono. Ukarusha, ukasimama, ukaiacha ijinyooshe, ukaileta. Ikaenda mbele kama mtu anayetandika shuka. Hukujua kama umefanya jambo. Uliniuliza kama pilipili imetosha.

Kosa langu kubwa katika kilabu kile si kofia wala kuku. Ni wewe. Baada ya siku ile nilijifanya mwalimu wako. Nilisimama mgongoni kwako kila Jumamosi, nikikuambia kila kitu: inua, shusha, kiwiko, kiwiko, subiri, hapana, sasa, umechelewa, kiwiko! Mtu mwenyewe mkono wangu ulikuwa bado unachapa mjeledi. Na kadiri nilivyosema ndivyo kamba yako ilivyovurugika, na kadiri ilivyovurugika ndivyo nilivyosema. Mpaka ukaiweka fimbo chini kwenye nyasi, taratibu, ukanigeukia mbele ya watu.

"Baba, ama urushe wewe, ama nirushe mimi."

Kevo alitoka akaenda kuangalia wageni ambao hawakuwa wamemwita. Mwalimu Bakari akanishika bega, akanipeleka pembeni, akanipa kazi isiyotumia mdomo. Ndiyo ile desturi ya mkono. Anayerusha anatazama mbele tu, haruhusiwi kugeuka kuitazama kamba yake. Mwenzake anasimama ubavuni, mahali anapoonekana kwa pembe ya jicho, na mkono juu. Mkono ukiwa juu, subiri. Ukishuka, lete. Hakuna neno. Nikawa mwenzako. Nilikuwa nauona mgongo wako ukilegea wiki hadi wiki, nami nimekaza meno, kwa sababu maneno yalikuwa bado yanakuja yote, ila sasa yalikuwa hayana pa kutokea. Nadhani katika kilabu kizima hiyo ndiyo kazi pekee niliyofaulu, kuinua mkono na kuushusha. Hata tawi la mkwaju linaweza.

Ukanishinda mimi, ukamshinda Kevo, na siku moja ukamshinda Mwalimu, naye akafurahi kama mtu aliyepewa shamba. Wale watu wa kambi ya milimani walipomwandikia wakitaka mtu mmoja wa kuwafundisha wageni wao kurusha na kuwashusha mtoni, hakuuliza nani anataka. Alikuja hapa nyumbani amevaa kanzu.

Sasa Munje.

Ile hadithi unaijua, maana imesimuliwa mpaka imekuwa na mikono na miguu. Mwalimu huwasimulia wanachama wapya kabla hata hawajashika fimbo. Kwamba tulikwenda mwambani siku ya bamvua, maji yamekupwa mbali. Kwamba wewe ulivuka ukaenda kwenye fungu la mchanga upande wa pili kutafuta kolekole. Kwamba maji yakaanza kujaa nyuma yako na mkondo ukafunguka kati yako na sisi. Na kwamba mimi, mtu wa ng'ombe, nisiyejua kuogelea, sikupiga kelele wala kukimbia. Nilisimama juu ya jiwe nikainua mkono. Subiri. Ukasubiri mawimbi makubwa yapite. Nikaushusha. Lete. Ukavuka. "Baba asingekuwa na moyo ule," Mwalimu humalizia, "leo tungekuwa tunasema mengine." Na wanachama wapya hunigeukia, nami hukohoa na kuangalia fimbo yangu kana kwamba ina kasoro.

Juu ya hadithi hiyo ndipo ulipokaa, Umazi. Begi lilikuwa chini yake tu.

Nikwambie kwanza jambo moja la baba yangu, halafu nimalize. Siku nilipoondoka kwetu mvua ilikuwa imekataa, ng'ombe waliobaki walikuwa wa kuhesabika hata na mtoto, na mimi nilikuwa nakwenda pwani kutafuta kazi ya hoteli yoyote itakayonipokea. Baba alinisindikiza mpaka Mackinnon Road nikapande lori la mtu aliyekuwa akimfahamu. Njia nzima alitembea mbele yangu. Tulipofika, akaanza kuzungumza na yule dereva. Wakazungumza bei ya mbuzi. Wakazungumza gurudumu la nyuma, kama linafaa kubadilishwa Mariakani au lifike tu. Mimi nimesimama na kifurushi changu. Dereva akapanda, nami nikapanda, nikamwambia, "Baba, nakwenda." Akaligonga lori ubavuni kwa kiganja, kama mtu anayempisha ng'ombe zizini, akasema, "Hilo gurudumu mliangalie." Nikaja na neno hilo mpaka Diani. Miaka na miaka niliamini kwamba mzee yule alikuwa amenichoka, ana kinywa kimoja cha ziada cha kulisha, amefurahi kimepungua. Nilikwenda kumzika bado naamini hivyo.

Leo, nilipokuwa nafunga uzi kwenye yale manyoya ya wizi, mikono inafanya kazi vizuri kabisa na kifuani hakuna mtu, ndipo nilipomjua. Baba hakuwa amenichoka. Alikuwa hapa nilipo. Hapa mahali mtu anapozungumza gurudumu kwa sababu gurudumu ndilo kitu pekee anachokiona. Kwa hiyo kesho nikimuuliza dereva wa basi habari za breki, au nikimsifu kondakta kwa shati lake, wewe usinitafsiri vibaya. Mimi nilimtafsiri vibaya mtu mpaka akaingia kaburini, na hilo ni jambo ambalo nisingependa tulirithishane.

Na mahali hapo, Umazi, pasipo na kitu, mimi nimewahi kufika kabla ya jana. Nilifika Munje.

Ilivyokuwa ni hivi.

Mwalimu na wengine walikuwa wamepanda juu ufukweni, adhuhuri imewakuta, wanatafuta maji ya kutawadha. Kevo alikuwa kwenye kivuli anazozana na simu yake. Mwambani tulibaki wawili, wewe kule kwenye fungu, mimi kwenye jiwe langu lile ambalo maji yake hayapiti kifundo cha mguu, kwa sababu unajua mimi na bahari tunaheshimiana kwa mbali. Nilikuwa narusha. Nimepeleka kamba nyuma, nimesimama kama nilivyofundishwa, mkono uko juu, nikaona pale katikati yetu, palipokuwa na mchanga, pana maji. Hayakuja kwa kishindo. Yalikuwa yanapita tu, ya kijani kibichi, laini, kama yamekuwa yakipita hapo siku zote.

Nilifungua kinywa nikuite. Jina lako halikutoka. Sisemi kwamba niliita usisikie kwa sababu ya upepo. Halikutoka. Nilitaka kuruka jiwe nije, na miguu ikawa kama si ya kwangu. Sikuwa naogopa, na hilo ndilo lililonitisha baadaye. Hofu ingenisukuma mahali. Sikuwa na kitu chochote. Niliona kaa akipita kwenye ufa wa jiwe, nikamtazama yule kaa. Niliona kamba yangu imeangukia nyuma kwenye mwani, nikafikiri, itanasa. Mtoto wangu wa pekee yuko ng'ambo ya maji na mimi nafikiria mwani.

Mkono ulibaki juu kwa sababu ndipo ulipokuwa wakati kila kitu kilipozimika. Hakuna aliyeuinua kwa ajili yako. Haukuwa ukisema subiri. Haukuwa ukisema lolote.

Uligeuka ukaniona. Hilo ni kweli, tulitazamana. Kisha ukageuka tena. Likaja wimbi likakufika mapajani ukayumba, likaja jingine. Ulisimama umeipandisha fimbo juu ya kichwa kwa mikono miwili, na ulikuwa unageuza kichwa, kushoto, kulia, tena kushoto. Halafu ukaanza kutembea. Hukuja moja kwa moja kunielekea, kama ambavyo ningekuambia uje endapo kinywa kingefanya kazi. Na ungekuja njia hiyo, ungeingia palepale penye kina, maana palikuwa pamenyooka mbele yangu na mimi sijui maji. Ulipanda kwanza kule juu dhidi ya mkondo, ambako kwangu palionekana pabaya zaidi, ndipo ukakata.

Wanasema mkono ulishuka, ukavuka. Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi na kila mara nimekaa kimya, mwanzo kwa sababu ulinikumbatia ukiwa umelowa chapachapa ukisema, "Ahsante, Baba, niliuona," na Mwalimu alikuwa ameshafika anapiga makofi, na Kevo ananiita komando. Na baadaye kwa sababu, niseme nini, nilipendezwa nayo. Hakuna aliyewahi kunisimulia kama mtu wa maana. Sikujua kwamba nakuazima mgongo wa kuegemea ambao haukuwepo, na kwamba siku moja utakaa juu ya begi uogope kuondoka bila huo mgongo.

Mkono ulishuka ulipochoka. Wewe wakati huo maji yalikuwa yameshakufika kifuani na ulikuwa umepita nusu ya mkondo. Niliuona ukishuka kama mkono wa mtu mwingine, nikaiona fimbo imenitoka na kupiga jiwe, nikatazama kama uliona.

Hukuona. Ulikuwa hunitazami mimi tangu ulipoanza kutembea. Ulikuwa unayatazama maji.

Baba yako